Mwaka wa Kumuulizia Longino

Kabla sijaugua, watu wa Mbinga walikuwa wakikitolea mfano kichwa changu. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli, na mashahidi wapo. Mimi ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Niliondoka Mkumbi nimemaliza darasa la saba, nikaenda Dar es Salaam kubeba vyuma kwenye karakana ya watu. Mchana nilibeba, jioni nilisoma: kwanza sekondari, kisha chuo, hadi nikapata diploma ya ufundi mitambo. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Wengi wa rika langu walirudi kutoka mjini na maneno. Mimi nilirudi na mashine ya kuchomelea, nikafungua karakana yangu Mbinga mjini, na diploma nikaitundika mahali ambapo anayeingia lazima aione.

Mteja akinipigia simu kutoka Litumbandyosi kwamba mashine yake inapiga kelele, nilimwambia aisogeze simu karibu na mashine. Nikishasikia, nilijua kifaa gani kimechoka, nilikifunga msimu gani, na siku ile mkewe alitupikia nini.

Kwa sababu ya kichwa hicho, kazi ya utambulisho katika ukoo wetu ilikuwa yangu. Binti akiagwa, ndugu zake hukaa upande mmoja na wakwe upande wa pili, na lazima mtu asimame awataje ndugu mmoja mmoja ili wakwe wawajue. Kwetu haisomwi karatasi. Unaanza na mkubwa unashuka, jina na uhusiano, na kila mtu anasimama anapigiwa vigelegele. Ukimruka mtu, hakusahihishi. Anabeba kiti chake kimya kimya, anavuka ukumbi, anakwenda kukaa kwa wakwe, na harudi mpaka uende kumbembeleza mbele ya watu wote. Nimewahi kuona mtu mzima, tena mwenye cheo, akiwaruka mashangazi hadi upande wake ukabaki na viti vya plastiki vya watoto. Mimi sikuwahi kuhamisha mtu.

Siandiki haya nipate kuhurumiwa. Namwandikia yule ambaye mtu wake amepona homa, anakula uji, anacheka, halafu anauliza swali lile lile aliloliuliza na kujibiwa asubuhi. Mke wangu, Hyasinta, aliponiona katika hali hiyo alitafuta mtu wa kumwambia itakuwaje, hakumpata. Basi mtu huyo niwe mimi.

Niliugua mvua zikiwa zimekolea, kipindi cha kufyeka nyasi za ngolo. Ngolo ni mashimo tunayolimia milimani kwetu. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza mistari inayokatana kama wavu. Mwanamke anachimba katikati ya kila jicho la wavu, anazifunika nyasi kwa udongo, kisha anapanda maharage. Mwanaume asipofyeka, mwanamke hana pa kuanzia. Kaka yangu Longino alikuwa shambani kwake Mkumbi, mundu mkononi, alipopigiwa simu kwamba nimeanguka karakanani natetemeka kama mashine isiyofungwa bolti. Alifika na matope yake miguuni, akanibeba mgongoni hadi kwenye gari.

Hayo nimesimuliwa. Nataka msomaji alijue hili mapema, maana ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Miezi ile naieleza vizuri sana, na karibu yote ni ya kuazima. Siku moja nilikuwa namsimulia jirani jinsi nilivyofunikwa blanketi la bluu ndani ya gari, na kaka akinishika kichwa. Hyasinta akasema, "Blanketi hilo hukuliona, Baba Vene. Nilikwambia mimi." Nikambishia. Nililiona blanketi lile, naliona mpaka leo, na pindo lake limefumuka. Akanitazama, akasema, "Lilikuwa la kijani. Nilikosea kukwambia, sikutaka kukusumbua." Tangu siku hiyo nimeacha kuapa.

Madaktari walitaja homa ya ubongo. Mengine ya kitabibu nawaachia wenyewe; waliniponya, nawashukuru. Kwanza kulikuwa na sindano, ndivyo masika yetu yalivyopita. Baadaye vidonge vya kuzuia degedege, na vingine vilivyoufanya uso wangu uvimbe kama andazi lililozidi hamira. Suruali zilinivuka kiunoni huku mashavu yakinenepa. Pua ilipotea njia: kahawa, ambayo imenilea na kuniozesha mke, ilinukia kama tairi linaloungua. Mkono wa kulia ulitetemeka hadi chai ikamwagika kabla ya kufika mdomoni, na Hyasinta akawa ananijazia kikombe nusu bila kusema kwa nini. Hiyo nusu kikombe ilikuwa rehema. Ukiuguza, jaza nusu.

Longino alikaa nami wodini siku za mwanzo, akaninyoa nywele kwa wembe, akarudi Mkumbi kumalizia kufyeka kabla ya msimu kumpita. Huko alianguka juu ya nyasi zake. Presha. Hakufika zahanati. Mimi nilikuwa nimelala na dripu mkononi wakati kaka yangu anazikwa. Kwetu kila ndugu hutupa udongo kaburini kwa mkono wake, na udongo wangu haukutupwa.

Waliniambia. Dada yetu mkubwa, Gaudensia, alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mkono, akanieleza yote. Nililia hadi wauguzi wakaja. Nikalala. Nilipoamka nikamwambia, "Dada Gaude, shikamoo. Mbona Longino leo hajaja?"

Akaniambia tena. Nikalia tena, kilio kipya kabisa, cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Jioni nikauliza tena.

Hyasinta hakuweza. Baada ya siku chache akaanza kunijibu kwamba Longino amekwenda Litumbandyosi kutazama miche ya kahawa. Nikaridhika, nikala. Dada Gaude aliposikia, waligombana korido nzima ya wodi inasikia.

"Ndugu yangu si mtoto wa kudanganywa kwa peremende," alisema dada.

"Basi kaa naye wewe usiku na mchana umwambie," Hyasinta akamjibu. "Mimi nimechoka kumuua Longino kila siku na kuangalia uso wa mume wangu."

"Aliyekufa ana haki ya kuwa amekufa, wifi."

"Na aliye hai ana haki ya kunywa uji wake."

Walikaa miezi bila kusalimiana vizuri. Kwa hiyo akikaa Hyasinta karibu nami, Longino alikuwa hai. Akija Dada Gaude, alikufa. Ukiniuliza leo nani alikuwa na haki, sijui. Wote wawili walikuwa wananipenda, na wote wawili walikuwa wanakonda.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, kahawa ilikuwa imeanza kuiva na baridi ya Mbinga imeshuka. Kila mwezi nilirudi kliniki. Benchi la kungojea lilikuwa nje, chini ya bati, na upepo unapita kati ya vibao. Pale nilijifunza kuogopa swali moja kuliko sindano yoyote. Watu wananijua, mimi fundi wa wilaya nzima. Mtu anakuja anacheka, anajiinamisha mbele ya uso wangu, anasema, "Fundi Osmundi! Unanikumbuka mimi nani?"

Ndugu msomaji, usimuulize mgonjwa hivyo. Najua unauliza kwa upendo. Lakini umemsimamisha mbele ya watu kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Sema, "Mimi ni Bosko wa Mkumbi, ulinitengenezea mashine," kisha keti. Hapo nitakwambia hata rangi ya mashine.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Litumbandyosi aliyekuja kliniki ile ile kwa ajili ya magoti yake. Kila mwezi alinijia akaketi, na kabla sijahangaika akasema, "Mjukuu wangu, ni mimi bibi wa magoti. Tumeshasalimiana mara nyingi, lakini salamu haichachi. Haya, niamkie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniamkia vizuri kuliko mwezi uliopita." Halafu anafungua mfuko, ananipa karanga. Jina lake silijui hadi leo, naye hakuwahi kulitaka kwangu.

Wakati wa mavuno ndipo nilipouelewa ugonjwa wangu, na niliuelewa kwa akili yangu ya kifundi, si kwa kuambiwa. Kijana anayenisaidia alileta mashine imekwama, akaniuliza inahitaji nini. Sikuweza kujibu. Neno halikuja, picha haikuja, kichwani kulikuwa na giza safi. Nikaingia stoo kwa hasira ili nisionekane. Macho yalipoangukia kwenye rafu, nikaona beringi nikaijua. Nikaona spana inayoifungua nikaijua. Mkono ukazichukua, na kabla ya chai ya saa nne mashine ilikuwa inameza kahawa. Yule kijana akaniuliza, "Sasa spana hiyo inaitwa namba ngapi, bosi?" Sikujua. Lakini niliitumia.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafikiri kama nilivyofundishwa kufikiri juu ya kitu kibovu: kipi kinafanya kazi, kipi hakifanyi. Nikaona kwamba kukumbuka na kutambua ni kazi mbili. Kutambua ni kuingia stoo, ukakiona kitu, ukasema hiki nakijua. Kukumbuka ni kusimama nje, mlango umefungwa, ukaambiwa utaje kilichomo. Stoo yangu haikuibiwa. Mlango ndio uliojifunga, na watu wote waliokuwa wakiniuliza maswali walikuwa wananiuliza nikiwa nje.

Nilifurahi sana siku hiyo. Nilimwambia Hyasinta, nikamwambia tena, na nadhani nilimwambia tena. Aliniacha nimwambie.

Lakini kwa habari ya Longino furaha hiyo haikunisaidia. Dada Gaude alikuwa akinipeleka kaburini Mkumbi, huku Hyasinta akitufuata nyuma ameshikilia ulimi. Nikifika, nikauona msalaba na jina, nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisimama pale nikiwa mtu aliyefiwa, mwenye akili zake zote. Halafu tunateremka kurudi, tunafika kwenye kijito chenye daraja la magogo, na pale darajani, karibu kila mara, nilisema, "Tungempitia Longino kwanza, tumjulie hali."

Hyasinta alizoea. Tukikaribia daraja alipunguza mwendo, akaningoja niseme.

Nimelitafakari sana hili. Mtu anadhani kusahau ni kukosa upendo. Kwangu ilikuwa kinyume. Longino aliye hai nilikuwa naye tangu nazaliwa: Longino anayenifundisha kulaza nyasi ziwe wavu, Longino anayenipigia wavulana wa shule, Longino anayenisindikiza siku naondoka, akinipa koti lake. Huyo alikuwa amejaa kila kona ya kichwa. Longino aliyekufa alikuwa habari moja tu niliyopewa nikiwa na homa. Kumbukumbu nyingi zilikuwa zinaimeza habari moja. Ndugu msomaji, ukimuuguza mtu wa namna hii na akaendelea kumuulizia marehemu, usidhani hakumpenda.

Sasa lililokuwa mbele yetu lilikuwa arusi. Binti yangu wa kwanza, Veneranda, ni mwalimu Kihagara, kule ziwani, na huko akapata mchumba. Posa ilishapokelewa kabla sijaugua. Baada ya mavuno tulialikwa kuteremka kwenda kuwaona wakwe. Niliteremka na shati langu jeupe na hadithi ya diploma yangu mdomoni, maana watu wa ziwani wanadhani sisi wa milimani tunajua kahawa tu.

Baba mkwe, Mzee Alfayo, alitupokea vizuri. Jioni tulikula samaki wa kuchoma, mbasa, tukataniana. Asubuhi nilitoka kunawa uso ufukweni. Nikamwona mtu anaanika usipa, dagaa wa huko, juu ya kichanja. Nikajua kwamba namjua. Ni nani, sikujua. Nikafanya kama nilivyozoea, nikanyoosha mkono kwa heshima: "Habari za siku nyingi, mzee?"

Akaushika mkono, akanitazama. "Siku nyingi? Mkwe, jana usiku umemaliza samaki wangu kichwa na mkia, ukanidai na mchuzi. Au milimani kwenu siku zina urefu mwingine?"

Nikacheka, naye akacheka, na ningependa hadithi ya safari ile iishie hapo. Lakini mchana, wazee wamekaa mkekani, wanapanga siku ya kumuaga binti iwe kabla ya Kwaresima, mimi nikasema kwa sauti yangu ya kuzoea kusikilizwa, "Hatuwezi kupanga bila kaka mkubwa. Longino amechelewa wapi?"

Shemeji yangu Ozana, mjane wa Longino, alikuwa amekaa na wanawake mlangoni. Nimesimuliwa kwamba aliinuka akaenda kusimama ndani ya maji hadi magotini, na nguo zake, akatazama upande wa Malawi. Hakuna aliyemfuata. Walikuwa hawajui wamfuate yeye au wabaki na mimi.

Tuliporudi Mbinga, Veneranda alinijia karakanani, akafunga mlango.

"Baba, shikamoo. Nina ombi, na usinikasirikie. Siku yangu, baba mdogo Kasiani ndiye awatambulishe ndugu."

"Kasiani? Kasiani hawezi kutaja hata mbuzi wake. Mimi nipo."

"Upo, baba. Lakini utamwita baba mkubwa asimame. Utamwita mbele ya ukumbi mzima, na mama mkubwa Ozana yupo pale." Alikuwa analia bila kujificha, kama mama yake anavyolia. "Ukimruka shangazi, tutacheka, atahama na kiti chake. Baba mkubwa ukimwita, mimi siku yangu nitaikumbuka kwa hilo tu. Hadi nazeeka."

Mtu mwingine angeweza kuniambia hivyo nikamfukuza. Alipoondoka nilikaa nikaitazama diploma yangu. Jina langu lilikuwa bado pale, na nililijua. Nilitaka kusimama mbele ya ukumbi ule kuliko nilivyowahi kuitaka diploma yenyewe. Baba asiyeweza kuwatambulisha ndugu wa binti yake kwa wakwe amekwenda pale kufanya nini? Kula?

Hyasinta alinishauri nikariri. Kasiani akaleta majina kwenye karatasi, na hapo nikagundua jambo la ajabu: jina lisilo na uso lilikuwa halinisaidii. Nilisoma "Gaudensia" likawa neno tu, kama jina la kituo cha basi. Dada mwenyewe akiingia mlangoni nilikuwa namjua toka kwenye kikohozi chake. Nikaitupa karatasi. Karatasi ilikuwa inanisimamisha nje ya stoo, ikinisomea vilivyomo. Nilichohitaji ni kuingia.

Nikamwambia Hyasinta: "Sitasimama mbele. Nitapita katikati yao."

"Unapita vipi?"

"Kama ninavyopita rafu. Kiti hadi kiti. Nampa mtu mkono, namwamkia au ananiamkia, halafu namtaja. Ambaye jina lake halitanijia, nitasema ni nani kwangu. Asiyenijia kabisa kichwani nitamwomba anisaidie, mbele ya watu."

"Wewe? Uombe msaada mbele ya watu?"

"Nimeomba msaada wa kuvaa suruali, Mama Vene. Nini kimebaki?"

Alifikiri. "Na ukifika kwa Ozana?"

Baadaye nilijua kwamba Hyasinta alikwenda kwa kijana wa muziki akamwagiza: akimsikia mzee anataja jina la Longino, afungulie muziki papo hapo, kwa sauti ya juu, hata kama mzee bado anaongea. Vene akakubali niwatambulishe ndugu kwa sharti hilo. Mimi sikuambiwa.

Siku ikafika. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, bati la ukumbi likawa linanguruma. Wakwe walifika na gari limejaa nyimbo, na ndoo za usipa mkavu kama zawadi. Nilivaa suti niliyoipunguza kiuno. Mshereheshaji alinipa kipaza sauti akanielekeza mbele, nami nikampita, nikaenda kwenye mstari wa kwanza wa ndugu zangu. Ukumbi ukanong'ona. Haikuwa desturi.

"Wakwe zangu," nilisema, "mwaka huu kichwa changu kilifungwa mlango. Nimeamua kuwatafuta ndugu zangu kwa kuwashika mkono. Mnivumilie, nitachelewa kidogo."

Wa kwanza alikohoa kabla sijamfikia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Huyu ni Dada Gaudensia, mkubwa wetu. Akisema jambo ni kweli, hata kama hulitaki." Vigelegele. Dada akaitazama sakafu.

Nikaendelea. Viganja viliniambia mengi: cha fundi mwashi, cha mwalimu, cha anayekamua kahawa kwa mkono. Majina mengine yalikuja yenyewe. Mengine yalikuja na kitu kilichofungwa pamoja nayo, nikawa nataja kitu kwanza: huyu alivunja baiskeli yangu, huyu ni binti wa shangazi, anaitwa, anaitwa, ndiyo, Otilia. Jina la mmoja halikunijia kabisa. Nikamshika mkono, nikasema, "Ndugu yangu, najua wewe ni wangu. Nisaidie."

"Mimi ni Damasi, mtoto wa mjomba wako," akajibu kwa sauti, ukumbi ukashangilia kana kwamba ameoa yeye.

Kasiani nilimpita. Sijui ilikuwaje, nilimpita kama nguzo. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Kugeuka, baba mdogo wa bibi arusi anavuka ukumbi na kiti kichwani, taratibu, akijipepea. Mzee Alfayo akamsogezea nafasi. "Karibu, bwana. Huku tunakujua, na samaki wapo." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ilinibidi niende nikamshike mkono nimrudishe mwenyewe.

Katikati ya kicheko kile nikafika kwa Ozana.

Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Kicheko kilikatika upande wetu wote. Nikamwona Vene kule mbele ameshika mkono wa msimamizi wake. Nikampa Ozana mkono. Mkono wake ulikuwa na malengelenge mapya, ya kushika mpini wa mundu. Nikayahisi. Kwetu Wamatengo mwanamke hana malengelenge ya mundu. Hayo ni ya mwanaume. Kwa nini afyeke yeye?

Na hapo, bila msalaba mbele yangu, bila Dada Gaude kunishika, nikajua kwa nini.

"Huyu ni shemeji yangu Ozana," nilisema. "Ni mke wa kaka yangu Longino. Kaka yangu Longino—"

Muziki ukalipuka. Ngoma, gitaa, kila kitu. Nusu ya wakwe wakasimama kucheza wakidhani ndiyo utaratibu. Hyasinta alikuwa anavuka ukumbi akipunga mikono yote miwili, anamlilia yule kijana azime, naye anamwonyesha kwa vidole kwamba amefanya kama alivyoagizwa. Ulipozimwa, kimya kilichofuata kilikuwa cha mvua tupu juu ya bati.

"Kaka yangu Longino amefariki," nikamalizia. "Alinibeba mgongoni kunipeleka hospitali, akarudi shambani, akafa. Nilikuwa wodini. Sikumtupia udongo. Ningemwita leo asimame, naye angesimama wa kwanza. Mjue tu kwamba hakurukwa."

Ozana alisimama, kwa sababu aliyetambulishwa husimama. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kisha Dada Gaude akapiga, mmoja, mrefu, na Hyasinta akampokea.

Kesho yake tulikwenda Mkumbi, Hyasinta na mimi, kabla mvua ya mchana haijaanza. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshapata majani. Nilichota wa pembeni, mbichi, nikautupa. Hyasinta aliomba. Sikulia sana, labda nilishalia mwaka mzima bila kujua, machozi yakawa yameisha mimi nikiwa sipo.

Tukateremka. Siwezi kukwambia kwamba nimepona. Bado natumia vidonge, bado pikipiki nimekatazwa, na wiki iliyopita nimemwamkia mtu niliyetoka kunywa naye chai. Kahawa imeanza kunukia kahawa. Ufundi wangu uko pale pale, anayetaka ahakikishe aje karakanani.

Tulipokaribia daraja la magogo, Hyasinta alipunguza mwendo, kama alivyozoea. Nikamwona anatazama maji, amejikaza, ananingoja.

"Mama Vene," nikasema.

"Abee."

"Ule mundu wa Longino uko kwa Ozana?"

"Uko kwake. Kwa nini?"

"Amefyeka mwenyewe hadi wapi?"

"Nusu ya mlima."

Nikavua koti, nikampa alishike, nikageuka kupanda njia ya kwa Ozana.